Tabasamu la Mama Ndoo

Watu wote aliowachora walitazama kushoto. Bwana aliyenyolewa, bibi harusi, mtoto wa tangazo la sabuni, wote waligeukia upande mmoja, utafikiri huko kuna mtu ameanguka na baiskeli.

Alifundishwa na mjomba wake, mchora mabango, ambaye naye alifundishwa na mtu aliyemjua binadamu ubavu mmoja tu. Mkono wa kulia huchora pua inayotazama kushoto bila manung'uniko. Uambie uigeuze pua hiyo, utaanza ubishi. Mjomba hakuwa mtu wa kubishana na mkono wake mwenyewe. "Mteja analipia nywele," alikuwa akisema. "Pua tunamwongezea tu."

Basi mtaa mzima ukamwita Kushoto, na jina lililomo kwenye kitambulisho likabaki la polisi na la siku ya mazishi. Kazi yake iliyojulikana zaidi ilikuwa ukuta wa saluni iliyo mkabala na ofisi ya maji: safu ya vichwa vilivyosukwa, kunyolewa na kupakwa mafuta, vyote vikitazama jalala la mwisho wa barabara. Ofisi ya maji hakuna hata kimoja kilichoitazama. Kwa jinsi ofisi ile ilivyokuwa, huenda vichwa vile vilikuwa na akili.

Kushoto alikuwa mwanamke mwenye hasira. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani aliambukizwa katikati ya hadithi. Alikasirishwa na brashi zinazomwaga nywele, na watu wanaosema "tutaona" wakimaanisha "hapana", na zaidi ya yote na bomba la uani kwao, ambalo ukilifungua linakohoa kama mzee aliyeamshwa bure. Wanasema hasira hasara. Chunguza vizuri, wanaosema hivyo ni wale waliokutia hasara na sasa wangependa ukae kimya.

Studio ya katuni ilipofunguliwa juu ya duka la viti vya magari, ilitafuta watu wa kuchora. Hawakuomba cheti. Wangefundisha wenyewe, wangewajaribu kwa filamu moja, na watakaofaa wangebaki na meza zao. Kushoto aliitaka meza ile kwa sababu moja tu: amechoka kuchora watu waliosimama. Alitaka wake watembee, wafungue midomo, wamjibu mtu.

Mwalimu wao walimwita Fremu. Alikuwa mtu mfupi mwenye mazoea ya kuunganisha vidole gumba na vya shahada kuwa dirisha, kisha kukutazama kupitia humo hata unapomwomba chumvi. Alianza na storibodi, yaani hadithi nzima iliyokatwakatwa kuwa picha ndogo ndogo, filamu kabla haijajua kutembea. Zoezi la kwanza: watu wawili wanagombania kiti.

Kushoto alichora haraka na kwa nguvu, penseli ikatoboa karatasi mahali pawili. Fremu akaitazama picha. Akainamisha kichwa. Akaitazama tena.

"Huyu hapa anamtukana nani?"

"Anamtukana yule."

"Yule yuko nyuma yake."

"Basi anamsengenya."

Darasa likaangua kicheko. Wagombanaji wote wawili walikuwa wakiutazama mlango kwa chuki kubwa, na kiti kimebaki katikati hakina mwenyewe.

Fremu hakucheka. Akachora mstari sakafuni kwa chaki, akawasimamisha wanafunzi wawili juu yake. "Kamera ikae upande mmoja wa mstari huu. Mama akitoka nyumbani kwenda kisimani, kama picha ya kwanza anaelekea kulia, na ya pili aelekee kulia. Mkiuvuka mstari, mtazamaji ataona amegeuka. Ataona mama anarudi na ndoo tupu."

"Kwetu ndivyo ilivyo," alisema Kushoto. "Unakwenda na ndoo tupu, unarudi na ndoo tupu. Hata ukivuka mstari hudanganyi mtu."

Hapo Fremu akacheka, kisha akampa adhabu. "Kuanzia leo huchori sura. Chora watu kwa nyuma, mpaka huo mkono wako uache kiburi."

"Kwa nyuma? Mimi ni mtu wa saluni, mwalimu!"

"Mtu hasimami kwa pua yake. Anasimama kwa uti wa mgongo. Anza na mstari mmoja, kutoka kisogoni hadi kisiginoni. Ukikaa sawa, kichwa kitajua pa kwenda."

Ilimuuma. Wenzake walikuwa wakichora macho makubwa yanayometa, yeye akichora visogo kama mtu aliyenyimwa kiti harusini. Walimtania: "Kushoto, watu wako wamekususa?" Alichora mstari, akaweka gunia la kifua, gunia la nyonga, duara la kichwa. Migongo ikatoka mizuri na mikavu. Ilikuwa migongo ya watu wanaosubiri kupigwa sindano.

Mpaka siku moja alipoacha kubuni na kuuchora mgongo anaoujua.

Mama yake hakuwa mtu wa kupiga kelele. Akikasirika aligeuka, akachutama mbele ya karai la vyombo, na mgongo ukachukua nafasi ya mdomo. Bega moja lilipanda karibu na sikio. Shingo iliingia ndani kama ya kobe aliyesikia upuuzi. Fundo la kitambaa kiunoni lilitikisika kila sahani ilipogongwa. Watoto wa nyumba ile walijifunza kuusoma kabla ya kusoma herufi. Baba yao, enzi za uhai wake, alikuwa akichungulia mgongo kwanza ndipo asalimie. Ukiwa umefunga, alikumbuka ghafla kwamba ana shughuli mahali fulani.

Fremu alipoiona picha ile, vidole vyake havikutengeneza dirisha.

"Nani huyu?"

"Mama."

"Nani kamuudhi?"

"Bomba."

Akamruhusu kuchora sura.

Mkono ulibisha, tena sana. Ndipo alipofundishwa kutumia meza ya taa: unachora uso kama ulivyozoea, unaigeuza karatasi kifudifudi juu ya kioo chenye mwanga, na uso uleule unakutazama kutoka upande wa pili. Hapo uongo wote unatoka nje. Kushoto aligeuza karatasi yake ya kwanza akakuta taya limeporomoka, jicho moja limepanda juu kama linatafuta njia ya kutokea. Alikumbuka vichwa vyote vya saluni. Miaka yote ile alikuwa amewapachika watu wa heshima mataya ya kuporomoka, nao wakamlipa na kumshukuru.

"Mjomba!" alisema kwa sauti, peke yake, kwa namna ambayo mjomba asingependa kuisikia.

Kisha kazi ikaja, ile ya majaribio. Mteja alikuwa shirika la maji, shirika lilelile lenye ofisi mkabala na saluni. Lilitaka filamu fupi ya katuni ya kufundisha wananchi wasipoteze maji. Maji yapi? Hilo halikuandikwa. Kumfundisha mtu asiye na maji asiyapoteze ni kama kumfundisha mwenye kipara kubana nywele. Lakini shirika lilikuwa na fungu la elimu kwa umma, na fungu ni kama mkojo, likishakujaa lazima ulimwage mahali.

Kushoto alisimama aondoke. Fremu akamwambia maneno machache tu: "Ukiondoka, mama huyo atachorwa na mtu mwingine."

Akaketi.

Mhusika alikuwa mwanamke mwenye ndoo, na kwenye studio wakamwita Mama Ndoo. Kushoto alimchora mama yake. Alimwomba kwanza akae mfano, atulie achorwe, Mama akamwambia, "Mimi nina kazi, wewe kaa mfano wa mtu mwenye kazi." Kwa hiyo alimchora akilipiga bomba kwa mwiko. Karatasi ya mhusika, ile inayowaonyesha wachoraji wote jinsi mtu alivyo ili asibadilike mkononi mwa kila mmoja, ilimchukua Kushoto siku nyingi na vifutio vingi. Mbele, ubavu, nyuma. Ubavu wa kulia alipigana nao mpaka ukasalimu amri. Na ule uso wa mbele! Mdomo umefungwa, nyusi zimeshuka kidogo tu, macho yamekutazama wewe, si jalala. Fremu aliubandika ukutani, na wachoraji waliopita mbele yake wakajikuta wanavuta tumbo ndani na kunyoosha mashati.

Shirika likamtuma afisa uhusiano, dada mmoja nadhifu mwenye sauti ya kubembeleza watoto wa watu wengine. Bosi wa studio alimpokea ngazini. Bosi alikuwa mtu ambaye mteja akipiga chafya, yeye ndiye hujipangusa pua.

"Tumempenda sana Mama Ndoo," alisema afisa. "Ana nguvu, ana uhalisia. Tungependa tu atabasamu."

"Wapi?" aliuliza Kushoto.

"Popote anapoonekana usoni."

"Hata hapa, akiwa kwenye bomba lililokauka?"

"Hasa hapo. Inaleta matumaini."

"Mtu anayelichekea bomba kavu, dada, hapelekewi maji. Anapelekwa hospitali."

Bosi akacheka kwa niaba ya watu wote. "Wasanii hawa! Hakuna shida kabisa, tabasamu litawekwa."

Mgeni alipoondoka, Kushoto alimfuata Bosi mpaka mlangoni mwa chumba chake.

"Mama yangu hatatabasamu."

"Siyo mama yako. Ni mhusika."

"Basi mhusika hatatabasamu."

"Sikiliza, binti. Kila uso utakaoonekana kwenye filamu hii utakuwa na tabasamu. La sivyo, hiyo meza ina watu kumi wanaoitaka, na wote wanajua kuchora meno."

Kushoto alimtazama Fremu. Fremu alikuwa anakikagua kifutio chake kwa makini, kama kimeandikwa habari za ukoo wao. Kesho yake karatasi mpya ikabandikwa juu ya ile ya kwanza, na aliyeichora ni Fremu mwenyewe. Mama Ndoo alikuwa na meno mengi kama kinanda.

"Na mimi nilikuwa na hasira kama zako," alimnong'oneza. "Nikazifuta kidogo kidogo."

"Zimebaki wapi?"

"Nina watoto shuleni," alijibu Fremu, na hilo lilikuwa jibu kamili.

Jioni ile Kushoto alifika nyumbani akamkuta Mama uani na vyombo. Maji ya karai yalikuwa ya tangu juzi, ya kijivu.

"Mama, wanataka nikuchore unalichekea bomba."

Mama hakuuliza nani, wala kwa nini. Alimtazama bintiye kidogo, kisha akageuka, akachutama, akaanza kugonga sahani. Bega likapanda. Shingo ikazama. Fundo likatikisika.

Kushoto alibaki amesimama mlangoni na mkoba begani. Akakumbuka maneno ya Bosi, neno kwa neno: kila uso utakaoonekana. Akaingia ndani kuchukua penseli.

Asubuhi alianza leyauti upya, yaani ile michoro mikubwa inayoonyesha kila mtu anasimama wapi na kamera inamtazama kutokea wapi. Hakuigusa hadithi hata chembe. Mama Ndoo alitoka nyumbani, akapanga foleni, akafungua bomba, akaenda mkutanoni ambako mkubwa wa shirika alieleza mpango. Ila kamera ilimfuata nyuma. Foleni tuliiona kutoka kisogoni mwake. Bomba lilikohoa, na bega likapanda. Na mkutanoni mgongo ulijaa nusu ya picha, mpana na mweusi kama mlango uliofungwa. Huko mbali, juu ya bega, mkubwa wa shirika alipunga mikono, mdogo kama njiti ya kiberiti.

Fremu aliipitia michoro yote. Alipoufikia mkutano akakohoa, kikohozi cha bomba.

Siku ya ukaguzi afisa uhusiano aliitazama michoro ikipita kwenye skrini. Alikunja uso taratibu, kama mtu anayenusa kitu na hajui kimetoka kwenye chungu kipi.

"Mbona tunamwona mgongo tu?"

"Mtazamaji anakwenda naye, dada," alisema Kushoto. "Anachokiona Mama, naye anakiona."

"Hatuwezi kuweka kamera mbele yake?"

Bosi akafungua mdomo kusema inawezekana. Fremu akamuwahi. Alisimama, akaunganisha vidole, akamtazama mgeni kupitia dirisha lake.

"Kamera iko upande huu wa mstari, dada. Tukiuvuka, Mama Ndoo atakuwa ameelekea kinyume. Wananchi watamwona anaukimbia mpango wa shirika."

"Hapana, hapana! Asikimbie."

"Basi abaki hivyo."

"Na lile tabasamu?"

"Lipo," alisema Kushoto. "Ila amegeukia huko."

Bosi, aliyekuwa na miadi ya chakula cha mchana, akaharakisha kuonyesha karatasi yenye meno. Tabasamu hilo hapo, limeidhinishwa. Afisa akasaini. Wachoraji wengine wakaingia kazini kuutembeza mgongo ule, picha baada ya picha, na kila mmoja aliutia kidogo cha mama yake mwenyewe.

Filamu ilionyeshwa mara ya kwanza kwenye televisheni ya ukumbi wa ofisi ya maji, mbele ya watu waliopanga foleni kulalamika. Kwa hiyo watu wa foleni wakatazama foleni. Kisha kwenye skrini bomba likakohoa, bega likapanda, na ukumbini mwanaume mmoja akasema, "Ole wake aliye nyumbani."

"Huyo mama akigeuka," alijibu mwanamke aliyekaa juu ya ndoo yake, "kuna mtu atahama mji."

Kicheko kilianzia pale. Hakikuwa kicheko cha furaha. Kilikuwa na meno, hayo hayo meno liliyoyaomba shirika. Njiti ya kiberiti ilipoanza kupunga mikono, ukumbi mzima ulikuwa ukipiga makofi na kuuliza maswali, na maswali hayakuwa kwa katuni. Watu wa ofisi wakaizima televisheni. Wakagundua kwamba watu hawana kitufe.

Bosi alimwita Kushoto kabla hajakaa kitini.

"Umeniaibisha! Umenikosesha mteja! Tabasamu liko wapi?"

Kushoto alikuwa na majibu mengi. Alikuwa amejilimbikizia majibu tangu utotoni. Lakini aligeuka tu, akaenda mezani kwake, akakusanya penseli zake moja moja, polepole, bega moja karibu na sikio. Bosi aliendelea kupiga kelele mpaka akausoma ule mgongo. Akaishia katikati ya neno.

Ngazini, Fremu alimkimbilia akihema, akamtilia mkononi karatasi iliyokunjwa. Ilikuwa ile ya kwanza, yenye uso.

"Nilitakiwa kuichana," alisema, akarudi juu kwa watoto wake walio shuleni.

Nyumbani alikuta wanawake wa uani wamejazana kwenye simu ya jirani yao fundi cherehani. Filamu ilikuwa imeshafika huko. Jambo ambalo shirika linalikataza husafiri haraka kuliko maji yake. Mama alikuwa katikati yao, mkono kifuani, ameingiwa na huruma ya kweli.

"Maskini mwanamke huyu," alisema. "Nani kamuudhi namna hii?"

Walitazamana. Fundi cherehani alijizuia, alijizuia, akashindwa.

"Si wewe huyo!"

"Mimi? Koma. Mimi sina mgongo wa hivyo."

"Shoga, sisi ndio tunaouona kila siku. Wewe umeuona lini?"

Mama akajaribu kujitazama juu ya bega. Akazunguka upande huu, akazunguka upande ule, kama paka anayeutafuta mkia, na wanawake wakashikana wasianguke. Aliposimama alimwona bintiye mlangoni na mkoba uliojaa.

"Mbona umerudi mapema?"

"Wamenifukuza, Mama."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ya mgongo wako."

Vicheko vikakauka. Mama aliichukua simu, akautazama mgongo ule mara nyingine, safari hii bila huruma, kama mtu anayekagua silaha aliyokuwa nayo nyumbani siku zote bila kujua.

"Basi wapelekee na uso," alisema.

Mwenye saluni, alipoombwa ukuta wake upya, alilalamika kidogo. "Sasa mtindo wake wa nywele ni upi?"

"Amefunga kitambaa."

"Nami nitauza nini?"

"Nywele za hao wanaotoka ofisini wakizing'oa," alisema Kushoto, na mwenye saluni, ambaye naye alikuwa hajaoga vizuri tangu wiki iliyopita, akamletea ngazi.

Alivipaka rangi vichwa vyote vilivyotazama jalala mpaka ukuta ukawa mweupe. Kisha akavuta mstari mmoja wa mkaa kutoka juu hadi chini, akaweka magunia, akaweka duara, na akauhamisha uso wa kwenye karatasi, akiukuza mpaka jicho likawa kubwa kuliko sinia. Barabara ya mbele ya ofisi ikaanza kujaa watu. Ghorofani, nyuma ya kioo, pazia lilifunguliwa, likakaa wazi kidogo, likafungwa. Likafunguliwa kidogo tena, kwa kidole. Mama Ndoo alikuwa bado anatazama huko huko.

Mama alipita na ndoo yake, akasimama, akajitazama muda mrefu kwa kuwa safari hii haikumbidi kujizungusha.

"Taya limeporomoka," alisema.

"Upande gani?"

"Upande gani tena! Si huo huo wako wa siku zote."

Kushoto akamtukana mjomba wake kwa sauti iliyofika mpaka nyuma ya pazia, akachovya brashi, akapanda tena ngazi.